Samaki Mbichi wa Bwana Masanja

Mayu,

Wiki iliyopita nilikula samaki mbichi. Usicheke, mama yangu. Wewe uliyekuwa ukirudisha sato jikoni kwa sababu hajaiva vizuri mgongoni, mwanao amekaa Dar es Salaam, kwenye mgahawa wa Kijapani, akameza samaki asiyejua moto.

Aliyenipeleka ni Bwana Masanja, yule mnunuzi wa dhahabu wa hapa Buseresere aliyehamia mjini. Tangu ulipotuacha, watu wamechimba maduara, yale mashimo ya dhahabu, mpaka mpakani mwa shamba letu, na yeye analitaka shamba lote, pamoja na pale ulipolala. Anasema kaburi litahamishwa kwa heshima. Wadogo zangu wamekubali. Nimebaki mimi, mkubwa wao, na nilipanda basi kwenda kumwambia hapana.

Nilikusudia nisile. Nilikumbuka ng'ombe wa jirani walipomaliza mihogo yetu. Jirani alikuletea maziwa, ukayaacha mlangoni mpaka yakaganda. "Nikinywa, nimemaliza kesi," ulisema.

Lakini Mayu, kule hawaleti sinia. Tulikaa mbele ya meza ndefu ya mbao, na upande wa pili alisimama mpishi, mzee wa Kijapani, anakata samaki taratibu na kufinyanga wali kidogo kwa vidole. Kila tonge anamkabidhi mtu wake. Langu alilileta kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Mzee wa umri wako! Ningemwachaje na mikono yake hewani? Nikapokea kwa mikono miwili, na nusura nipige goti.

Wali ulikuwa na siki kidogo, samaki laini, na kitu fulani cha kijani kikanipanda puani hadi machozi yakanitoka. Kilikuwa chakula kitamu, Mayu. Hilo ndilo linaloniuma.

Masanja alingoja nimeze. Ni Msukuma mwenzetu, alijua anachofanya. "Umekula kwangu, dada. Kesi imekwisha." Akacheka. Nami, mjinga mimi, nikachukua mkoba nikarudi stendi na ile hapana yangu niliyoipanga njia nzima bado mdomoni.

Tangu nirudi silali vizuri. Wadogo zangu, ambao mila zako huziita mambo ya kizamani, leo ndio wa kwanza kunikumbusha kwamba nimekula. Nina hasira nao. Nina hasira na wewe pia, Mayu, uliyenifundisha kupokea na hukunifundisha kukataa mkono wa mzee.

Lakini nimefikiri. Tonge lile nililipokea kwa yule mpishi, na yeye hana kesi na mimi. Jumamosi Masanja anakuja na wapima ardhi. Atanikuta nimekaa kando yako, na nitamwambia hapana kwa sauti ya kufika barabarani. Kiti sitampa. Utanisamehe, atakuwa mgeni wa kwanza kusimamishwa juani kwenye mji wako.

Pumzika, Mayu. Huhamishwi.

Mwanao,
Kabula