Kitanda cha Watu Wawili

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Huku Kagongwa mpunga umeshika vizuri, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza ukajifungulie hospitali ya serikali au binafsi. Mimi kote nimezaa. Mama yako mdogo nilimzalia binafsi. Nilikuwa na chumba peke yangu, shuka zinanukia, na nesi alibisha hodi kabla ya kuingia. Nilipumzika, sikatai.

Mama yako nilimzalia ya serikali, ambako tulilazwa wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne. Nilinuna kweli! Miguu ya mwenzangu, mke wa mchimbaji wa Geita, ilikuwa usoni kwangu. Kulipokucha mama yako akalia kwa njaa, na maziwa yangu hayajatoka. Manesi walikuwa wamezidiwa na wodi nzima. Yule mama akanyoosha mikono.

“Nipe huyo. Mimi yamejaa.”

Akawanyonyesha wote, wake na wangu.

Ndiye yule bibi wa Geita anayekuja kila sikukuu na samaki, anayemwita mama yako “mwanangu.”

Chagua watakapokuhudumia vizuri, mama. Ila wakikupa chumba cha peke yako, mlango usiufunge.

Bibi yako