Blogu Yangu na Msiba wa Masukulu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshusha ndizi za mjomba tangu asubuhi, mvua juu, matope chini, na bado mimi ndiye kichwa kikali kuliko vichwa vyote wilaya nzima ya Rungwe. Shule sikufukuzwa. Niliacha kidato cha pili kwa kuwahurumia walimu, walikuwa wameshaishiwa. Iko siku wataniletea watoto wao niwafundishe, nami nitawakataa.

Leo nimeamua. Nafungua blogu. Binamu yangu Lusajo anayo, eti mwandishi. Anaandika mambo ya fursa na amejipiga picha na suti ya kuazima. Kijiweni hapa Bagamoyo, hii yetu ya Tukuyu siyo ile ya pwani, amenisema mbele ya watu: "Wewe Gwamaka utaandika nini? Hata barua ya kuomba ruhusa shuleni ulikuwa unaandikiwa na dada yako." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Moyoni namchukia.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda steshenari kwa Ambokile. Huyu ni mshkaji wangu tangu darasa la kwanza. Alisomea kompyuta, sasa anachapia watu barua na kutoa fotokopi. Kalelewa na bibi yake kijijini Masukulu. Hata mimi nusu nimelelewa pale, likizo zote nilikuwa nakula jikoni kwa yule bibi.

Ambokile anasema kabla ya kuandika lazima uchague jukwaa, yaani mahali blogu itakapokaa. Nilidhani blogu ni blogu. Kumbe majukwaa ni mengi na yote yana dharau.

Kuna la bure. Unaingia na barua pepe tu, ila jina lako linabebeshwa mkia wa jina la wenyewe, kila anayekuja anajua umepanga. Kuna la kulipia. Jina linakuwa lako peke yako na unabadili unachotaka, lakini wanadai kadi ya benki. Mimi na benki hatujuani. Halafu kuna la wasomi. Ukurasa mweupe, hupangi rangi wala nini, unaandika tu na wasomaji wanakusubiri humo humo. Wanasubiri Kiingereza. Nimelifunga kwa hasira.

Ambokile akasema, "Anza na la bure. Ukilizoea utahama na maandishi yako." Nikamwambia mimi sianzi na vya bure, mimi siyo mtoto wa kupanga foleni ya uji. Tumebishana mpaka mteja akachukua vyeti vyake akaondoka bila fotokopi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechukua la bure. Siyo kwa sababu Ambokile alisema. Nimetaka mwenyewe.

Jina Gwamaka limeshachukuliwa. Yupo Gwamaka mwingine huko, namtakia simu yake itumbukie chooni. Nikajaribu Sauti ya Rungwe. Limechukuliwa. Simba wa Tukuyu. Limechukuliwa. Mwisho nikaandika kwa hasira: Gwamaka Hasemi Uongo. Likakubali. Ambokile alicheka mpaka akakaa chini.

Wakataka namba ya simu. Laini yangu imefungwa, hata bando naunganishiwa na watu, kumbe aliyeniuzia aliisajili kwa alama za vidole vya mtu nisiyemjua. Tumeweka namba ya Ambokile. Tarakimu za uthibitisho zikaingia kwenye simu yake, akanisomea moja moja, nikaingia. Tukagonga viganja kama tumefunga goli.

Mandhari nimechagua nyeusi, maandishi mekundu. Ambokile anasema inaumiza macho. Vizuri. Yaumie.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika mechi ya jana ya ndondo, mpira wetu wa mtaani. Wasomaji: mimi, Ambokile, na mimi tena kwa simu ya Mama. Kioo cha simu yangu kimepasuka, nagusa herufi hii inakuja ile. Lusajo ameirusha linki kwenye kundi la ukoo na kuweka vikatuni vya kulia kwa kicheko. Shangazi zangu wote wameona.



Jumatano, 12 Machi

Jana mjomba alinipeleka msibani Lupepo. Leo nimeandika. Habari za marehemu sijagusa, hizo kila mtu anaandika. Nimeandika chakula. Nani alipakua. Nani alipewa mfupa. Yule mjumbe wa kamati aliyejificha nyuma ya migomba na bakuli la maini. Mwisho nikaupa msiba alama, kama mwalimu anayesahihisha.

Aisee. Sokoni wanasoma wote. Wanacheka wameegemea mikungu ya ndizi. Hata mjomba, aliyesema blogu ni ugonjwa. Komenti zinamiminika, wanataka mwingine. Sasa nimejua kazi yangu. Huku hatuna sinema, tuna misiba. Kila mtu anakwenda, kila mtu anakula, na njiani wakati wa kurudi kila mtu anasema. Mimi naandika yale ya njiani.

Lusajo kimya. Raha iliyoje.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeshaandika misiba mingine miwili. Bodaboda wananiita mheshimiwa.

Ambokile peke yake amenuna. Ameniambia, "Mtu akifiwa anawapikia watu huku analia, Gwamaka. Acha hii kitu." Anaona wivu. Alitaka niandike nini, ratiba ya fotokopi?

Halafu Lusajo kijiweni: "Unawacheka watu usiowajua. Kwa watu wako huthubutu." Nikamjibu kwamba kwenye blogu sina watu wangu. Asome jina.

Nimebadilisha paswedi, Ambokile asije akanifutia kazi. Nimeweka ndefu, ina vikorokoro vya kutosha. Nimeiandika kwenye kioo hiki hiki kilichopasuka. Sasa hata shetani haingii.

Jumanne, 18 Machi

Bibi wa Ambokile amefariki. Mama amefunga kuni na ndizi. Kesho Masukulu.

Alhamisi, 20 Machi

Jana tumezika. Watu wamejaa mpaka barabarani. Mvua haikutuachia hata nafasi ya kuimba vizuri.

Ng'ombe hakuna. Kwetu mtu mzima kama yule akizikwa bila ng'ombe, watu wanaangaliana. Ndizi na maharage, na nyama ya bucha iliyokatwa ndogo ndogo. Sahani yangu nimeipekua. Lusajo alikuwa amekaa pembeni yangu, akanikonyeza: "Na hii je? Au leo Gwamaka atasema uongo?"

Nimeandika mikono bado inanuka maharage. Kichwa cha habari: Msiba wa Maharage. Nimechekesha kweli kweli. Kuna mahali nimeandika mzee mmoja alitafuta nyama kwenye sahani mpaka akakuta maua yaliyochorwa chini. Alama nimetoa ya chini kuliko zote. Nikabonyeza chapisha.

Wa kwanza kucheka ni Lusajo. Nimemkomesha. Nimenawa mikono mara tatu. Ni yale maharage.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna mwingine aliyecheka. Wamesoma wote, hakuna aliyecheka. Mama muuza parachichi, ambaye huniita mume wangu kila siku, leo amenipa mgongo.

Mchana wamekuja wanawake wa jumuiya kwa Mama. Wamekataa viti. Wameongea Kinyakyusa, halafu mkubwa wao akanigeukia akarudia kwa Kiswahili nisije nikajifanya sikuelewa: "Masukulu tulipika sisi. Siku yenu ikifika, mtapika wenyewe." Wakaondoka na miavuli yao.

Mama alibaki amesimama palepale. "Mimi nikifa, Gwamaka, utanibeba na simu yako?"

Huku jeneza lako linabebwa na wale ambao uliwabebea. Sufuria zinatoka kwa wale uliowapelekea kuni. Mama hajakosa msiba hata mmoja tangu nianze kupata akili, mvua, ukungu, mguu mbovu, anakwenda. Yote hayo nimeyafuta kwa kidole kimoja.

Nafuta ile posti. Nawachukia wote lakini nafuta.

Jumapili, 23 Machi

Haifutiki.

Juzi simu ililowa sokoni ikazima. Ilipowaka blogu ikaniuliza paswedi. Nimejaribu vikorokoro vyote ninavyovijua. Sijui kile kioo siku ile kiliandika nini. Nikajaribu mpaka wakanifungia. Sasa wanasema watanitumia tarakimu kwenye namba niliyojiandikishia.

Namba ya Ambokile.

Nimewatukana kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. Jukwaa gani hili, ofisi halina, mlango wa kugonga halina, mtu wa kumkaba shati hayupo. Na Msiba wa Maharage uko palepale, mwekundu juu ya mweusi, watu wanaendelea kuusoma na kunitukana chini yake.

Lusajo naye ameandika kwenye blogu yake ya suti kuhusu maadili ya vijana mtandaoni. Lusajo! Nimemtafuta nimzabe kibao. Wanasema ameenda Mbeya kwa semina. Nyoka.

Jumanne, 25 Machi

Mama ameenda Masukulu peke yake, mkungu kichwani, kuniombea radhi. Hakuniaga. Amerudi amelowa mpaka kwenye mifupa. Waliyomwambia hajayasema. Amesema moja tu, huku anakamua kanga: "Yule ng'ombe wa bibi unamjua."

Namjua. Mwekundu, pembe moja imepinda. Tulimswaga mimi na Ambokile mpaka mnadani, mwaka ule anaanza kusomea kompyuta. Bibi alimuuza ili mjukuu asome. Njia nzima nilikuwa naruka ruka kwa furaha ya kwenda mnadani.

Mama anafikiri nilikuwa nimesahau. Sikusahau. Nilikaa pale na sahani, najua kabisa kwa nini hakuna ng'ombe, nikaandika.

Alhamisi, 27 Machi

Nilizunguka steshenari mpaka mshona viatu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikaingia.

Ambokile amenyoa nywele. Alikuwa anatoa fotokopi za cheti cha mtu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, matamu. Yakatoka mawili: "Nimesahau paswedi."

Akaweka simu yake juu ya kaunta, kioo kikitazama juu. Nikabonyeza kwenye yangu. Tarakimu zikaingia kwenye yake. Akaisukuma kwa kidole mpaka mbele yangu. Safari hii hakunisomea, nikasoma mwenyewe.

Nimefuta Msiba wa Maharage. Nikafuta Lupepo. Nikafuta ile mingine, mpaka na mechi ya ndondo. Blogu imebaki jina tu. Nikasema, "Asante." Akachukua simu yake, akarudi kwenye mashine.

Mshona viatu akaniuliza tena nje kama nimekipata. Nikamwambia ashone viatu.

Jumapili, 30 Machi

Mvua imepumzika. Ukungu umekaa chini, mlima hauonekani.

Jana kulikuwa na msiba Lupepo. Mama hakuniambia niende. Nilichukua mzigo wa kuni nikamfuata nyuma. Nikautua jikoni nje, pale wanawake wanapopikia. Hakuna aliyeukataa. Hakuna aliyenisemesha. Mmoja akachomoa kuni mbili akazisukumia chini ya sufuria. Nilisimama mbali kidogo na foleni ya chakula. Sikula.

Leo kijiweni wameniuliza blogu imekufaje. Nimewaambia ni jukwaa. La bure ni la bure, ningelipia lile lingine sasa hivi ningekuwa nasomwa mpaka Dar. Wakatikisa vichwa, wakaamini. Mimi nikiongea naaminika.

Jukwaa halikuwa na kosa. Wala kioo, wala laini, wala Lusajo, ingawa yule bado nitamzaba. Siku ile Masukulu, Ambokile alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, shati limegandana na mwili, watu wanapita wanamshika mkono. Aliniona nakuja. Akatoa mkono mfukoni. Mimi nilikuwa naangalia sufuria kama zina nyama, nikampita.

Sikumpa pole. Na Alhamisi pale kaunta, amenisukumia simu yake, nikasema asante. Pole sikusema.