Kitambaa Kilichotoka Kizima

Mutakura, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Faruk,

Asalam aleykum. Mke na watoto hawajambo hapo Buyenzi? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Simu hupokei, basi barua nampa Lubna anayekuja sokoni huko.

Agronomu, mtaalamu wa kilimo wa asosiasio yetu ya wakulima wa mboga, alitufundisha kwamba udongo una viumbe hai, vidogo mno kwa macho, na ndivyo vinavyolisha mboga. Ili kujua kama vipo, kila mmoja alizika kitambaa cha pamba kwenye tuta lake. Juzi tumevifukua. Cha jirani yangu Geneviève kimeliwa, kimebaki pindo. Changu kimetoka kizima, ungeweza kukishona shati. Na mboga zangu za lengalenga zimekauka tangu nilipokwenda Rumonge kwa uzazi wa mpwa wako Khadidja.

Geneviève ndiye niliyemwachia shamba. Nimemshtaki mbele ya wote kwamba amemwaga kitu. Hakujitetea, wakamtoa kwenye asosiasio. We unaonaje?

Dada yako, Houda

Mutakura, 2 Aprili

Faruk,

Salamu tena. Lubna anasema barua uliisoma mbele yake, ukaikunja, ukarudi chini ya gari. Geneviève sasa anauza ndizi barabarani. Nikipita, mimi ndiye ninayeangalia chini.

Dada yako, Houda

Buyenzi, 21 Aprili

Dada Houda,

Wa aleykum salam. Tuko wazima, alhamdulillah, lakini uso wangu sina pa kuuweka. Ulipokuwa Rumonge nilikuja kukutazamia shamba, nikakuta mchwa. Hapa garajini tunamwaga mafuta ya vidange, yale meusi yanayotolewa kwenye injini, kwenye nguzo na mchwa hawarudi. Nikaleta bidoni mbili za mafuta hayo machafu, nikamwagia matuta yako, nikafukia vizuri. Nilitaka ufurahi. Barua yako ilipofika nilijua ni mimi, nikanyamaza. Nina aibu, dada. Nitukane tu.

Mdogo wako, Faruk

Mutakura, 29 Aprili

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa salamu. Sitakutukana, maana sina mdomo wa kufanya hivyo. Nimekufulia nguo za garaji miaka sita kabla hujaoa. Siku ile nilifukua kitambaa mapema kabla ya wenzangu, na harufu niliijua palepale. Nikakifua bombani kwa sabuni, mara mbili, ndipo nikawaonyesha. Niliona heri nimpoteze jirani kuliko ndugu.

Agronomu anasema tuongeze mboji na kuvumilia. Viumbe vitarudi, labda baada ya miaka miwili.

Jana nilikwenda kwa Geneviève kumwambia yote. Hakunikaribisha ndani, wala hakunifukuza. Alisema, "Nilikuona siku ile unafua kitambaa. Nikangojea useme mwenyewe." Kisha akaendelea kupanga ndizi zake.

Jumamosi asosiasio inakutana saa tatu asubuhi. Nitaanza mimi kukiri, utafuata wewe. Usipokuja, nitayasema yote mawili peke yangu.

Dada yako, Houda