Nilimwita Saidi Mbeba Maji

Jumamosi, Tabora. Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi, vumbi limelala, mji mzima unanukia udongo.

Nimemkosea Saidi. Naandika hivyo kwanza, kabla sijaanza kujitetea.

Saidi ndiye fundi wa kisima chetu cha pale Ntalikwa. Sisi wa chama cha kusaidia mji tulichimba shimo, likabomoka mara mbili. Yeye akafyatua matofali yaliyopinda kufuata duara la shimo, akayachoma, akashuka kwa kamba, akayapanga mpaka juu. Mimi ni mwenyekiti tu. Kazi yangu ilikuwa kusimama ukingoni na kumwambia aangalie asianguke.

Babu yake alikuwa Mzaramo aliyekuja huku na misafara. Mimi Mnyamwezi. Basi sisi ni watani, na kwa miaka ishirini hatujasalimiana kama watu wazima. Yeye huniita mpagazi, kila tukikutana huniuliza mzigo nautua wapi. Mimi humwambia babu yake alichoka njiani, na babu yangu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka Tabora.

Leo tulikuwa na mgeni, Bwana Kofi kutoka Gold Coast, anayezunguka nchi nyingi kuzungumza na vyama kama chetu. Ukumbi ulijaa. Hata wale waliotoroka siku ya kuchimba walikuja, wamepiga pasi. Alisema Kiingereza, mwalimu wa shule akatufasiria. Alituchekesha sana. Alisema kwao wapo wanachama wanaolima kwa mdomo, na sisi tukaanza kutazamana.

Mwishoni akauliza: kile kisima alichoonyeshwa jana, nani alikijenga?

Saidi alikuwa amekaa mbele na kanzu mpya. Nikamnyooshea kidole.

"Si huyu Mzaramo, maana najua atajidai. Huyu alikuwa anatubebea maji ya kunywa. Kisima tumekijenga wanaume."

Ukumbi ukaangua kicheko. Saidi mwenyewe alicheka. Mwalimu naye akafasiri vile vile, huku anafuta machozi.

Mgeni hakucheka. Angejuaje utani wetu? Aliamini fundi ni mimi, akaandika jina langu kwenye daftari lake, akanishika mkono, akasema atalitaja kila mji atakaofika. Kisha akafungua sanduku, akanivika begani kitambaa cha kwao kilichofumwa kwa mkono, chekundu na manjano. Akasema ni zawadi ya fundi.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Nilifungua kinywa, nikasema asante.

Watu walikuwa wanapiga makofi, na kitambaa kilinikaa vizuri. Sina sababu nyingine.

Mtani ana haki ya kukunyang'anya kitu mbele za watu, na wewe huna ruhusa ya kununa. Nikamngoja Saidi aje akivute kile kitambaa. Ningekiachia, watu wangecheka tena, mgeni angeelezwa, mambo yangekwisha. Hakuja. Tulipokuwa tunatoka akanipa mkono, taratibu.

"Hongera, Mwenyekiti."

Mwenyekiti. Hajawahi kuniita hivyo hata siku moja.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote. Alikuwa anasonga ugali, akanisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka.

"Mtani akianza kukuheshimu, Baba Anna, ujue amekuhama."

Kisha akaniambia nivue hicho kitambaa kabla sijakimwagia mchuzi.

Nimekikunja. Na nimejicheka, maana nikifumba macho namwona Saidi kule chini ya shimo, tope mpaka kwenye nyusi, anapiga kelele kwamba wapagazi wameshindwa hata kuteremsha tofali.

Bwana Kofi anaondoka na treni Jumatatu mchana. Asubuhi yake Saidi atakuwa sokoni, anajenga ukuta. Nitawapitia mgeni na mwalimu, twende wote. Mbele ya wauza karanga na kila mtu nitasema fundi ni nani, na daftari lile libadilishwe jina palepale. Kitambaa nitakuwa nacho begani, Saidi anivue kwa mkono wake.

Wala sitakwenda mikono mitupu. Nitatoka kisimani na mzega, mti begani na madebe mawili yamejaa, nimletee maji ya kuchanganyia udongo.

Akiniuliza mzigo nautua wapi, nitajua amenirudia.