Vidonge vya Mdogo Wangu

Khon Kaen, 3 Novemba 2008

Kaka Samran,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Thongbai, na mgongo wako umepunguza kelele. Mimi sijambo, ukiacha magoti. Na magoti ya mwanamke wa miaka sitini na moja aliyesimama wodini maisha yake yote, nani atayashangaa?

Sasa usicheke. Chama cha madaktari wa ini kimeamua kunituza kwa kazi ya maisha yangu. Sherehe ni tarehe 20 Januari, mchana, hotelini Bangkok. Watasoma orodha ndefu: lori la kupimia watu vijijini, utafiti wa saratani ya mirija ya nyongo, vidonge vya minyoo ya ini. Nitakaa pale nikitazama viatu vyangu.

Mtuzwa anaruhusiwa kupanda jukwaani na mtu mmoja wa nyumbani. Sina mume wala mtoto, na hata ningekuwa nao ningekutaka wewe. Baba alipokufa na tumbo lake lile na macho ya njano, mmoja wetu ilibidi aache shule ashike plau. Ulikuwa na miaka kumi na tano, ukaishika, mimi nikaenda kusoma ugonjwa uliomuua. Nusu ya tuzo hii ni yako, na hilo si neno la adabu tu.

Njoo. Nitakuja kukuchukua kwa gari. Ila ile suruali yako ya harusi uiache kabatini, tafadhali.

Mdogo wako,
Bualai


Ban Don Sai, 17 Novemba 2008

Mdogo wangu Daktari,

Marahaba. Sisi wazima, mpunga umekubali mwaka huu, na shemeji yako anakusalimu sana. Anasema umekonda kwenye ile picha uliyotuma.

Barua yako nilimsomea Thongbai asubuhi, na kufika saa sita kijiji kizima kinajua. Mzee Phan, jirani yetu yule mwenye maneno, ameuliza, "Tuzo yenyewe inaliwa?" Nikamwambia inatundikwa ukutani. Akasema, "Basi bora wangempa nguruwe." Lakini nilimwona anawaeleza watu wengine huku amevimba kichwa utadhani kakuzaa yeye.

Juzi ilikuwa zamu ya kuvuna shamba langu. Walikuja wavunaji ishirini, na unajua ilivyo, mtu akija kukuvunia lazima ale mpaka ashindwe kuinama. Mwisho wa mwezi ni zamu ya Phan.

Habari ya Bangkok tuiangalie. Nikiingia hotelini na miguu hii watanionyesha mtaro wa kuzibua. Halafu siku hizi nimechoka kidogo. Chakula hakinipandi, na vumbi la mpunga mwaka huu linaniwasha mwili mzima, najikuna kwenye nguzo kama nyati. Faida yake suruali ya harusi sasa inaniingia vizuri kabisa.

Kaka yako,
Samran


Khon Kaen, 22 Novemba 2008

Kaka,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, nisamehe.

Vumbi la mpunga haliwashi mwili mzima. Kabla hujafanya lolote, toka nje kwenye mwanga wa jua, mwite shemeji akutazame weupe wa macho. Mwambie aseme kweli. Mkojo wako una rangi gani? Kama ni ya chai isiyo na maziwa, nenda hospitali ya wilaya kesho asubuhi, usingoje zamu ya Phan wala ya mtu yeyote.

Na jambo la pili. Hao wavunaji ishirini mliwapikia nini? Kila nikija kwako nakuta samaki wa kuchemsha. Uliniapia mbele ya picha ya Baba kwamba koi, samaki mbichi wa kukatakata wanaotuletea minyoo ya ini, haiingii tena mdomoni mwako. Niambie, kaka. Nimepiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji mara tatu, anasema uko shambani. Nijibu.

Bualai


Ban Don Sai, 19 Desemba 2008

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Najua umekasirika, maana hujaandika tena, na simu nimekuwa nikiikimbia, nikimtuma mwenyekiti akuambie nimepimwa na si kitu. Nisamehe kwa kuchelewa. Kila nikishika kalamu naona aibu.

Macho ni ya njano. Thongbai alijua tangu Oktoba, nilimkataza asiseme. Hospitali ya wilaya nimekwenda. Yule kijana daktari, Kritsada, aliposoma jina langu aliniuliza kama nina undugu na wewe, Mwalimu wake. Nikasema ndiyo, na nikamwomba sana asikuambie kabla ya sherehe yako. Alilia, masikini. Mimi ndiye niliyembembeleza.

Koi nimekula. Nimekula kila mwaka, Bualai. Ukija tunachemsha, ukiondoka tunakatakata mbichi. Wewe umekaa mjini sana. Mtu amekupigia magoti kwenye matope siku nzima anakuvunia, halafu umwekee samaki wa kuchemsha kama mgonjwa? Watasema Samran mchoyo, Samran anajiona kwa sababu ya mdogo wake. Mwaka mmoja nilijaribu. Phan alisukuma bakuli akasema, "Hiki chakula cha mwanamke aliyejifungua jana." Watu wakacheka, na mwaka uliofuata nikapata wavunaji saba.

Lakini sikuwa mjinga wa kula hivihivi. Nilikuwa na vidonge vyako. Si ulinifanya mhudumu wa afya wa kijiji? Ulikuja mwaka ule na maboksi, ukasema vinaua minyoo yote, na kweli tuliiona imekufa. Tangu hapo, kila baada ya mavuno nameza, nawagawia na wengine. Phan husema, "Kuleni, daktari wetu atatuosha." Miaka ishirini na mbili sijaruka hata mmoja. Nilidhani ninafuata unavyotaka.

Niambie kitu kimoja. Huu ni ule wa Baba?

Kaka yako


Khon Kaen, 22 Desemba 2008

Kaka yangu,

Shikamoo. Kritsada amenitumia picha za kipimo, nimemlazimisha. Ndiyo. Ni ule wa Baba. Umeshapita pale ambapo ningeweza kukupasua. Nimekaa na picha zako tangu jana nikitafuta mahali pa kusema nimekosea, sijapaona.

Sasa mimi nikuambie langu. Minyoo inakaa kwenye mirija ya nyongo. Ukiiua halafu ukala mingine, ukaiua tena, ukala tena, mirija inajeruhiwa upya kila mara, na tulianza kuona dalili kwamba watu wa namna hiyo huenda wanaumwa zaidi. Nimelijua hilo miaka kumi na minne. Nimeliandika kwenye majarida ya madaktari, nimelisema Japani. Ban Don Sai sikulisema. Ningesimamaje kwenye uwanja wa kijiji kuwaambia watu kwamba vidonge anavyogawa kaka yangu, na kujivunia, havitoshi? Niliogopa kukufedhehesha. Na nilijiambia wewe umeshaacha, uliapa. Nilikuja kwako kila mwaka mpya, nikala samaki wako wa kuchemsha, nikaondoka nimeridhika.

Daktari gani huyo hakuuliza hata jirani?

Jumamosi nakuja na gari. Tutakuwekea mrija nyongo ipite, kuwashwa kutaisha, utalala. Zaidi ya hapo sina. Tuzo nitaikataa, au nitapanda jukwaani niseme yote haya mbele yao. Sijui lipi.

Mdogo wako


Ban Don Sai, 9 Januari 2009

Mdogo wangu mpendwa,

Asante kwa siku kumi ulizokaa kando ya kitanda changu hospitalini. Mrija unafanya kazi. Siwashwi tena, na jana nimekula wali wa kunata donge zima, Thongbai akapiga makofi. Manesi wako wapole, ila yule mnene ananitekenya akinigeuza. Mwambie nimemkumbuka.

Tulipokuwa pamoja sikuweza kusema, kwa hiyo naandika. Bangkok sitafika, miguu imevimba. Wewe nenda. Na ukifika, usiseme habari zangu. Nimekuona unavyotafuna mdomo, najua unapanga kusema. Usiseme, Bualai.

Unajua watakavyozungumza wakitoka pale. Daktari mkubwa wa ini, kaka yake wa kuzaliwa tumbo moja anakufa kwa ini, na koi mdomoni. Watakucheka. Nililima miaka hamsini ili mtu asipate pa kukucheka. Mimi ndiye niliyeapa uongo mbele ya picha ya Baba. Niachie mwenyewe aibu yangu, wewe pokea chako, upige picha ukitabasamu, uniletee.

Ni ombi la mkubwa wako. Sijawahi kukuomba kitu.

Kaka yako,
Samran


Bangkok, 20 Januari 2009

Kaka,

Shikamoo. Ni saa kumi na moja jioni, niko chumbani hotelini, bado nimevaa hariri aliyoifuma shemeji. Waliisifu sana. Unaendeleaje? Homa aliyoniambia shemeji kwenye simu imeshuka? Kritsada apigiwe hata kama ni joto dogo tu.

Nilifanya ulivyotaka. Walisoma orodha yao, watu mia nne wakasimama. Kiti cha mtu wa nyumbani kilikuwa wazi pembeni yangu, nikaweka mkoba wangu juu yake. Nilipewa kipaza sauti na dakika kumi. Nilikuwa na karatasi mbili mkobani, moja ina habari zako, nyingine ni shukrani. Nilisoma ya shukrani. Nilishukuru walimu, wauguzi, madereva wa lori. Nikasema vidonge vimeokoa wengi, na ni kweli, vimeokoa. Watu wakapiga makofi kabla sijasema lile lingine, na nikashuka.

Nimetabasamu kwenye picha. Nitakuletea. Lakini sikujisikia vizuri, kaka, na nitakuambia uso kwa uso kwamba ombi lako lilikuwa zito kupita plau.

Kesho naanza safari ya kuja kwako.

Mdogo wako


Ban Don Sai, 20 Januari 2009

Mdogo wangu,

Salamu. Mwandiko ni wangu ingawa hauonekani. Thongbai ametaka kuniandikia nimekataa.

Leo ndiyo siku yako. Nilikuwa nimelala nafikiria saa hizi unapanda ngazi. Phan akaja kunitazama, kakaa hapo mlangoni, ananiambia leo wanavua bwawa lake, jioni kutakuwa na koi ya kusherehekea tuzo yako. "Na vidonge bado unavyo boksi zima," anasema, "tutameza wote kwa heshima ya daktari." Alikuwa anafurahi kweli. Nikamtazama macho. Nadhani na yake yameanza.

Nikamwambia anisaidie nisimame. Tumekwenda kwa mwenyekiti, yeye kwapa moja, Thongbai jingine, nikaketi mbele ya kile kipaza sauti cha matangazo ya kijiji. Nilisema, "Ni Samran. Mnaniona nilivyo. Nimemeza vidonge miaka ishirini na mbili na nimekula koi miaka ishirini na mbili. Mdogo wangu aliwaleteeni dawa, mimi nikaifanya ruhusa. Nilimdanganya. Msinizike mkiwa na samaki mbichi mkononi." Nilitaka kusema zaidi, pumzi ikaisha.

Phan alinishika kwapa njia nzima kurudi. Alilia tu, zee zima.

Nilikukataza wewe kusema kwa sababu aibu ilikuwa yangu kuisema. Usinikasirikie. Wewe ulisema nini? Niandikie yote, na rangi ya maua waliyokuvisha.

Nina baridi, naishia hapa.

Kaka yako


Khon Kaen, 31 Januari 2009

Kaka Samran,

Shikamoo, kwa mazoea. Najua hutajibu.

Nilifika tarehe 21 jioni, ukanishika kidole, hukusema tena. Siku mbili homa haikusikia dawa yoyote niliyoijua, na nazijua zote. Ulipoondoka nilikuwa nimekushikia mkono, nikihesabu mapigo kama mjinga.

Barua yangu ya Bangkok ililetwa siku ya kuuchoma mwili wako. Postamasta aliitoa mfukoni akaniangalia, hakujua ampe nani. Niliiweka jenezani ikiwa imefungwa. Kwa hiyo hukusoma kwamba nilinyamaza.

Yako imenikuta hapa leo, imekaa kwenye sanduku la posta siku zote hizo.

Kwenye matanga yako niliona jambo nisilolielewa. Watu zaidi ya mia mbili, siku tatu za kulishwa, na wanawake jikoni wameweka sufuria motoni kwa kila samaki. Hakuna kilichokatwa kibichi. Wazee walinung'unika, mmoja alisema samaki huyu ni kama kutafuna kitambaa, wakala hivyohivyo. Nilidhani wananiogopa mimi. Nilidhani wameficha, kama ulivyokuwa unaficha wewe, na nikishapanda gari watatoa visu. Niliondoka na mawazo hayo, kaka. Sikumuuliza mtu hata safari hii. Mzee Phan alinifuata mpaka garini, akavua miwani yake na kuniambia, "Nitazame macho." Nilimtazama. Nikadhani anataka tu kuhakikisha. Sasa najua nani alimtuma.

Ameanza matibabu jana. Kwake tumewahi, nadhani. Nitampasua Jumatano.

Ulitaka kujua rangi ya maua. Yalikuwa meupe na ya zambarau. Nilikuwa na watu mia nne, vipaza sauti vizuri na dakika kumi, na mambo yote ninayoyajua. Wewe ulikuwa na pumzi ya sentensi sita. Kijiji kimesikia cha kwako.

Mdogo wako,
Bualai