Breki Zimenyamaza

Fausta, shemeji yako Joachim kaniaibisha leo, sina pa kuficha uso!

Wiki nzima breki za lile gari lake kuukuu la enzi za ruksa zinalia kama mbuzi. Fundi magari wa kule Majengo akamwonya, "Zikilia, shukuru. Zikinyamaza, utalia wewe."

Yeye akazimwagia maji ya baraka. MAJI YA BARAKA, Fausta!

Leo asubuhi zikanyamaza. Akampakia mama yangu, akamtambia, "Umeiona imani, mama?"

Mteremko wa Lizaboni anakanyaga, hamna kitu. Anakanyaga tena, hamna! Kaenda kusimama kwenye lundo la pumba, pale mashine ya kusaga.

Mama katoka mzima, anajikung'uta pumba tu. Joachim analia mpaka kamasi.

Mama akamwambia, "Nyamaza, mkwe wangu. Mbona breki zimenyamaza?"