Mahindi Ndani ya Msitu

Redio, mwenzangu wa siku nyingi,

Salamu kwanza, maana hata habari nzito hupewa kiti kabla ya kuanza kusema. Hujambo? Magoti yanakuruhusu kupanda ngazi, au bado unayabembeleza kila kidato? Na mzee wako, bado anasikia kwa lile sikio moja, tena siku anazotaka tu? Nisalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Mimi nipo, ndivyo naweza kusema. Moyo umechoka. Daktari, kijana mwenye adabu, ameniambia nisipange mambo ya mbali. Miguu imevimba, nalala nimeegemezwa mito kama mgeni rasmi, na mjukuu wangu ananinyima chumvi na sukari kwa ukali ambao hata mama yangu hakuwa nao. Alitaka mimi niseme naye aandike. Nikakataa. Barua hii lazima iwe ya mkono wangu, hata kama mwandiko unaonekana kama kuku amekanyaga wino. Isome ukiwa umekaa.

Nashukuru ulivyokuja kuniona mwezi uliopita. Ulituchekesha na yule msomaji wa maktabani kwako aliyerudisha kitabu kikiwa na kipande cha samaki ndani, kuwekea alama alipofikia. Lakini kila ulipoinama kusema nami kwa karibu, uligeuza uso pembeni na kuziba mdomo kwa mtandio. Umefanya hivyo miaka mingi, na miaka yote hiyo nimejifanya sioni. Safari hii mjukuu wangu akakuuliza kama una mafua. Ukamwambia huna mafua, ila mdomo wako uliwahi kuharibu kazi ya watu, na tangu hapo umeufunga kamba kama mbuzi mla mazao. Mtoto akacheka. Mimi nikageukia ukutani nikasema nimechoka, muende mkanywe chai.

Sikuwa nimechoka, Redio. Nilishindwa kukutazama.

Niruhusu nianze mbali, ingawa unayajua, kwa sababu nimempa mjukuu wangu ruhusa ya kuisoma barua hii kabla ya kuituma, naye kazi yetu haijui. Tulikuwa tunapima pumzi ya udongo. Mizizi na vijidudu vya ardhini vinakula, vinapumua, na hewa yao inapanda juu ikiwa na kaboni ndani yake. Tulikandamiza pete za bati ardhini, tukazifunika, tukasubiri hewa ijae chini ya kifuniko, kisha tukaivuta kwa bomba la sindano kupitia mrija mwembamba na kuitia kwenye vichupa. Mashine ya maabara ilipima kaboni nyepesi na kaboni nzito. Kaboni ya mahindi ni nzito kidogo kuliko ya miti, kwa hiyo udongo ukipumua, mashine inakuambia ulilishwa nini. Profesa wetu alitaka kujua mashamba ya mahindi yakipandwa miti huchukua muda gani kuyasahau mahindi. Ili kulinganisha, tulipima na msitu wa asili, ambao haujawahi kuona jembe.

Amri ya kwanza ya kazi hiyo ilikuwa usipumue karibu. Pumzi ya mtu ina kaboni nyingi mno kuliko ya udongo, tone lake tu linatosha kuvuruga kichupa. Nawe ndiye uliyekuwa huwezi kunyamaza. Profesa alikuwa akisema wewe ukizibwa mdomo utaongea kwa masikio, na jina la Redio alikupa yeye. La kwangu la Kijiko ulinipa wewe, kwa wembamba wangu, ukasema upepo ukivuma nishike mti.

Siku majibu ya msitu yaliporudi, msitu ulikuwa umejaa mahindi. Msitu mzima, chupa hadi chupa. Profesa alikwisha waahidi wakubwa zake kwamba kazi imekamilika, kwa hiyo hakucheka. Alisema pumzi ya mtu imeingia, maana mla ugali naye hupumua mahindi. Hakuuliza ya nani. Alikutazama wewe, na sisi wote tukakutazama wewe, na wewe mwenyewe ukainamisha kichwa, maana ulikumbuka kwamba siku ile pale msituni ulitusimulia harusi ya binamu yako tangu posa mpaka ugomvi. Akakutoa kwenye kazi ya nje, akakupeleka kuosha vichupa. Nafasi ya kwenda kusoma zaidi, iliyokuwa yako kwa haki, akanipa mimi. Haukupita muda ukaondoka, ukaenda maktaba. Watu walitania kwamba Redio amekwenda kukaa mahali ambapo kazi yake ni kuwanyamazisha wengine. Nami nilicheka pamoja nao.

Sasa nakuomba usome polepole.

Siku ile msituni mvua ilikuwa imenyesha, na mrija wangu ukaziba kwa tone la maji. Ungepaswa kubadilishwa. Mirija mingine ilikuwa ndani ya gari, kule chini, na mawingu yalikuwa yanarudi. Nikautia mdomoni nikaupuliza, kama mtoto anavyopuliza mrija wa soda. Tone likatoka. Kwenye pete iliyofuata ukaziba tena, nikapuliza tena. Nilifanya hivyo mpaka pete ya mwisho, huku wewe ukiwa mbali, upande wa pili, umeegemea mti na simulizi yako ya harusi. Nilijiambia pumzi inapita tu, haibaki. Ilibaki, Redio. Niliijaza mwenyewe kwenye kila kichupa.

Hata hapo ningeweza kusema ni ajali. Lakini kuna jambo jingine nililolijua siku ile ile ya majibu, nikiwa nimesimama pale pale na wewe umeinamisha kichwa. Unakumbuka Profesa aliposafiri, yule fundi wa mashine akatuacha tuchezee, kila mmoja akapuliza kichupa chake? Changu kilitoka mahindi matupu, maana nilikuwa naishi kwa unga wa mahindi asubuhi na jioni, na mchana natembea na hindi la kuchemsha mfukoni. Chako kilitoka kama mti. Wakati huo vidonda vya tumbo vilikwisha kukukataza mahindi, ukawa mtu wa wali na viazi, ambavyo kaboni yake ni nyepesi kama ya miti. Fundi akasema mimi ni gunia na wewe ni kichaka. Pumzi yako ingeingia kwenye vile vichupa, hewa ingezidi, lakini mahindi yasingeonekana hata chembe. Majibu yale yale yaliyokuhukumu ndiyo yaliyokuwa yanakutetea. Fundi alikwisha hamia kwingine, Profesa hakuujua mchezo wetu, na wewe ulikuwa umeshajitia hatiani kiasi kwamba hukufikiri. Aliyebaki wa kusema nilikuwa mimi. Nikanyamaza.

Na hilo nalo si baya kuliko yote.

Wiki yako ya mwisho ulinikuta kwenye masinki ya nyuma ya maabara. Mikono yako ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Ukasema, "Kijiko, nisamehe. Nimekuharibia kazi yako kwa mdomo wangu."

Nami nikakujibu, "Yameisha. Nimekusamehe."

Nilikusamehe, Redio. Nilikushika bega nikakusamehe kosa langu, ukanishukuru, ukalia. Nimewahi kusema uongo mwingine katika maisha yangu na mwingi nimeusahau. Huo naulala nao.

Nilipopata shahada na kuanza kufundisha, kila mwaka niliwapeleka wanafunzi msituni, na kabla hawajagusa kifuniko niliwasimulia habari ya msichana mmoja aliyeongea mpaka akaotesha mahindi ndani ya msitu. Walicheka sana. Nilikuwa msimuliaji mzuri, nilijifunza kwako.

Juma hili nilimwita mmoja wao, ambaye sasa ndiye mkuu wa maabara ile. Alikaa kwenye kiti kile ulichokalia. Nilimweleza mrija, mchezo wa fundi, masinki, kila kitu. Akaniambia kwa aibu kwamba mpaka leo, kijana akifungua mdomo karibu na pete, wenzake humwambia asifanye Redio. Hawajui kwamba Redio ni mtu. Wanadhani ni neno la kazi. Nimemwomba awakusanye awaambie ni mtu, yuko hai, hakukosea, na aliyekosea ni mwalimu wao. Ameahidi. Sijui kama ni rahisi kulifuta neno lililokwisha zoeleka, lakini ameahidi.

Mjukuu wangu anauliza kwa nini sikukuambia ana kwa ana ulipokuja. Nimemjibu kwamba ningeanza kulia, nawe ungenipangusa machozi, na kabla sijamaliza sentensi ungekwisha nisamehe. Nakujua. Ndiyo maana nimeandika. Tafadhali usinisamehe haraka. Msamaha niliokupa mimi ulikuwa wa haraka, na umeona ulivyokuwa. Kasirika kwanza. Mwambie mzee wako, hata kwa lile sikio lake moja. Waambie wanao kwa nini mama yao huziba mdomo anapoongea nao.

Nisalimie majirani zako, na yule mama wa duka anayeuliza hali yangu, mwambie bado napumua kidogo kidogo. Mjukuu wangu anakuamkia shikamoo. Amesoma mpaka hapa, kisha ameniletea chai, na leo ameitia sukari.

Ukiona vema kuja, njoo. Sina pumzi ya kujitetea, lakini ya kusikiliza bado ninayo. Kaa karibu, acha mtandio nyumbani, uniseme mpaka uchoke.

Ni mimi,
Kijiko